Mdogo Wangu Ameacha Dawa za Kifafa kwa Imani, na Mimi Siamini

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mzaliwa wa kwanza katika familia inayoshika dini, na ni miaka mingi sasa tangu niache kuamini. Sikuacha kwa hasira wala kwa kukosana na mtu. Nilikuwa na maswali, majibu niliyopewa hayakuniridhisha, nikaendelea kuuliza hadi nikajikuta sina tena ninachokiamini. Nyumbani wanajua, na kwa muda mrefu tumeishi bila kulizungumzia, kila mmoja akimstahi mwenzake, mpaka lilipozuka hili ninalokuandikia.

Mdogo wangu wa kiume ana kifafa tangu utotoni. Kwa msaada wa dawa maisha yake yalikuwa yanakwenda: alisoma, akapata kazi, na kuanguka kukapungua hadi mara chache tu kwa mwaka. Mama yetu ana kalenda ukutani ambayo huitia alama ya kalamu nyekundu kila siku mwanawe anapoanguka, kwa kuwa ndivyo alivyoelekezwa kliniki, na zile za miaka iliyopita amezihifadhi zote. Halafu kikaja kipindi kibaya. Alama nyekundu zikafuatana, na siku moja alianguka akachanika kidevu, akashonwa. Ni katika majuma hayo ndipo alipopelekwa kwa kiongozi mmoja wa dini mwenye sifa ya kuponya. Aliombewa, akaambiwa amekwisha kupona, na kwamba akiendelea kumeza vidonge atakuwa anaonyesha kuwa hana imani. Aliviacha siku hiyohiyo. Chupa iko juu ya kabati, imejaa, na hakuna anayeigusa.

Linalonitatiza zaidi ni kwamba tangu siku ile hajaanguka. Kila ninapofungua mdomo, mama hunivuta mbele ya kalenda na kuniambia: "Wewe si ndiye unayetaka ushahidi? Ushahidi huo hapo." Niliwasomea habari za utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006, ulioonyesha kuwa kuombewa hakukuwasaidia wagonjwa wa moyo, nikawaambia pia kwamba dini ndiyo mama wa ujinga wote duniani. Mama hakupandisha sauti. Alisema kwamba mtu asiyemwogopa Mungu hana kinachomzuia kutenda ubaya, na kwa hiyo hana la kumfundisha mwenzake kuhusu jema na baya. Tangu hapo salamu zetu zimekuwa fupi.

Mambo yamezidi kuchanganyika kwa sababu kiongozi huyohuyo amemtaja mgombea mmoja kuwa ndiye aliyechaguliwa na Mungu, na nyumbani nimeambiwa kwamba kumnyima kura ni kumpinga yule yule aliyemponya mdogo wangu. Tena mdogo wangu ameombwa atoe ushuhuda katika mkesha, mbele ya watu wengi ambao baadhi yao wana ugonjwa kama wake, naye ameniomba niwepo. Nikienda, je, sitakuwa mnafiki? Nimjibu nini mama kuhusu kalenda, na kuhusu maadili? Na juu ya siasa, ninyamaze tu?

Dada Mkubwa

*

Mpendwa Dada Mkubwa,

Umeniuliza juu ya Mungu, maadili na kura, lakini nitaanza na chupa iliyo juu ya kabati, kwa kuwa hiyo haiwezi kusubiri mjadala wetu uishe. Kuacha ghafla dawa za kifafa ni miongoni mwa sababu zinazojulikana sana za mtu kupatwa na kifafa kisichokoma, yaani kuanguka kunakoendelea zaidi ya dakika 5, au kunakorudia kabla fahamu hazijamrejea vizuri. Hiyo ni dharura inayoweza kuua au kuuachia ubongo madhara ya kudumu, na kupita kwa majuma kadhaa bila tatizo hakuifuti hatari hiyo. Hata hivyo usiishushe chupa ile na kumsihi aanze tena dozi yake ya zamani. Baadhi ya dawa hizi, lamotrijini ikiwa mojawapo, mtu akishaziacha kwa muda hurudishiwa kidogo kidogo, maana kurukia dozi kamili kunaweza kuleta athari kali za ngozi. Aende kliniki, aseme ukweli kwamba ameacha, na aseme ameacha lini. Wahudumu wa kliniki wameshawaona wengi walioacha dawa, na wanachohitaji kujua ni tarehe.

Wakati huohuo, kila anayeishi naye ajue la kufanya akianguka: kumlaza ubavu, kumwekea kitu laini chini ya kichwa, kuondoa vitu vya kumuumiza, kutazama saa, na kutafuta msaada wa haraka dakika 5 zikipita. Asikandamizwe, wala asitiwe kijiko au kitu chochote mdomoni. Na mpaka atakapoonana na daktari, asiendeshe gari, asipande mahali pa juu, asiogelee wala kuoga peke yake kwenye maji mengi. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mtu akiri au akane imani yake, na ndiyo maana ningekushauri uanzie hapo nyumbani, kabla ya neno lingine lolote.

Sasa kalenda, ambayo kwangu ndiyo kiini cha barua yako. Mwanzo mzuri ni kumpa mama yako haki yake. Mtu ambaye kwa miaka ameandika kila siku mwanawe aliyoanguka, na kuzitunza kumbukumbu zote, amefanya kazi ambayo watafiti hulipwa kuifanya, na amefanya jambo ulilokuwa ukimtaka alifanye: amekuonyesha ushahidi. Ukimjibu kwa dharau, utakuwa umemfundisha kwamba ushahidi hauna maana pale usipokupendeza wewe. Tatizo ni kwamba nyote wawili mmekuwa mkitazama ukurasa wa mwisho tu.

Kifafa hakiji kwa mpangilio wa saa. Huwa na majira ya kukithiri na majira ya kutulia, na mara nyingi majira hayo hayana sababu inayoonekana. Mtu hakimbilii msaada mpya akiwa katika hali yake ya kawaida. Hukimbilia anapokuwa katika hali mbaya kuliko zote, alama nyekundu zinapofuatana na kidevu kinaposhonwa. Kinachofuata baada ya hali mbaya kuliko zote, mara nyingi, ni hali iliyo nafuu, chochote kile utakachokuwa umefanya katikati. Lau juma lile mngetundika kitambaa cha buluu mlangoni, leo kitambaa kingekuwa na sifa. Francis Galton alilieleza jambo hili mwaka 1886 alipolinganisha urefu wa wazazi na wa watoto wao, na wanatakwimu hadi leo huliita kurejea kwenye wastani. Limewahadaa madaktari mara nyingi kama lilivyowahadaa waombaji, na ni kwa sababu hiyo dawa mpya ya kifafa haikubaliwi kwa vile tu wagonjwa wamepata nafuu. Huwekwa kundi jingine linalopewa vidonge visivyo na dawa ndani, bila wagonjwa wala wanaowapima kujua nani kapewa nini, na katika majaribio ya namna hiyo hutokea kwamba baadhi ya waliopewa vidonge vitupu nao huanguka mara chache zaidi kuliko zamani. Mtengeneza dawa anayewaacha hao nje ya hesabu anadanganya. Mwambie mama yako hivyo, ili ajue kwamba kipimo unachokitaka kwa kiongozi wake ni kilekile kinachotakiwa kwa kiwanda cha dawa.

Kisha kaa naye chini, mfungue kalenda za zamani pamoja. Tafuteni kipindi kirefu kuliko vyote ambacho mdogo wako hakuanguka wakati alipokuwa anameza dawa. Kama kipo kilicho kirefu kuliko hiki cha sasa, basi hakuna jambo jipya ambalo tayari linahitaji maelezo. Kama hakipo, kiri hivyo bila kumung'unya maneno. Bado hakitakuwa kimethibitisha uponyaji, lakini utakuwa umeonyesha kwamba na wewe unafuata kalamu nyekundu popote inapokupeleka.

Lipo pia swali moja ambalo ningependa mliulizane kabla ya jambo lolote kutokea, na si baada yake. Muulize mama: akianguka mwezi ujao, utasema nini? Akijibu kwamba hapo itabidi wafikirie upya, mna pa kukutania. Akijibu kwamba itakuwa imani ya kijana imepungua, muonyeshe kwa upole kwamba sasa kalenda haina kazi tena, kwa kuwa siku nyeupe zinasema amepona na siku nyekundu pia zinasema alikuwa amepona. Nawe ujiulize lako: akikaa miaka 2 bila kuanguka na bila dawa, utasema nini? Najua utakalosema, kwa sababu ningelisema mimi pia: kwamba kifafa cha baadhi ya watu, hasa kilichoanza utotoni, hutulia chenyewe. Hilo ni kweli, na limeandikwa katika vitabu vya tiba. Lakini ona jinsi ulivyo na mlango wako wa kutokea uliokwisha kuufungua, kama mama alivyo na wake. Mwenye mashaka asiyejitilia mashaka ni mshabiki tu wa upande mwingine.

Miaka 2 sikuitaja kwa kubahatisha. Mgonjwa akikaa takriban miaka 2 bila kuanguka akiwa anatumia dawa, madaktari wenyewe huanza kufikiria kama inafaa kumpunguzia kidogo kidogo hadi aziache, kwa kutazama aina ya kifafa chake na hatari zake. Kwa hiyo hamu ya mdogo wako ya kuishi bila vidonge si upumbavu hata kidogo, wala haipingani na sayansi. Kuna njia ya kuijaribu ambayo haimwachi peke yake matokeo yakiwa mabaya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu yanayofaa. Mwambie hilo yeye mwenyewe, si mama, kwa sababu mwili ni wake, naye ni mtu mzima.

Kama mnahitaji mfano wa kuonyesha kwamba kumpinga mponyaji si lazima kuwe kumpinga Mungu, upo, nao ni wa kale sana. Takriban mwaka 400 kabla ya Kristo, tabibu mmoja wa Kigiriki ambaye jina lake hatulijui aliandika risala juu ya kifafa, ambayo imehifadhiwa pamoja na maandishi yanayohusishwa na Hippocrates. Wakati huo kifafa kiliitwa ugonjwa mtakatifu. Yeye alisema kuwa si kitakatifu kuliko magonjwa mengine, kwamba chanzo chake kimo ubongoni, na kwamba watu wamekipa asili ya kimungu kwa kuwa hawakielewi. Maelezo yake ya jinsi kinavyotokea, yaliyohusu makohozi kuziba mishipa, yalikuwa ya makosa, na ilibidi ingojewe mpaka miaka ya 1920 ndipo Mjerumani Hans Berger aweze kunasa mawimbi ya umeme ya ubongo wa mwanadamu. Lakini tabibu yule hakuwa mkana miungu. Shutuma yake kwa waganga wa siku zake ilikuwa kwamba wao ndio wasio na uchaji, kwa vile walidai kuwa na uwezo wa kuiamuru miungu na kuipangia la kufanya. Nadhani mama yako, akiusikia ubishi huo kutoka kinywani mwa mtu anayemheshimu ndani ya dini yake, ataupokea kuliko akiusikia kutoka kwako. Mtafute mtu huyo. Wako viongozi wengi wa dini wanaowaambia waumini wao waombe na wameze dawa, na mmoja wao atakusaidia kuliko mimi na safu hii.

Huo utafiti uliowasomea ni wa kweli, ila ulitumika vibaya. Ulihusu wagonjwa 1,802 waliofanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo katika hospitali 6. Kati ya wale wasiojua kama wanaombewa au la, waliopata matatizo ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 52 kwa walioombewa na asilimia 51 kwa wasioombewa, tofauti isiyo na maana. Na kati ya walioambiwa kwa hakika kwamba wanaombewa, walikuwa asilimia 59. Tazama kilichopimwa: maombi ya watu wasiowafahamu wagonjwa, na matatizo ya upasuaji. Hakikupimwa kuwapo kwa Mungu, wala faraja ya kijana kujua kwamba mama yake yuko macho kwa ajili yake. Wasioamini wengi huipenda sana ile asilimia 59 na kuitangaza kwamba maombi hudhuru. Mimi sioni kama inabeba mzigo huo, kwani waandishi wenyewe hawakuweza kuieleza na huenda ni nasibu tu. Unaloweza kusema kwa haki kutokana na utafiti ule ni dogo: hauungi mkono kauli kwamba maombi yanaweza kuchukua nafasi ya tiba. Nalo linakutosha, kwa sababu ndilo pekee unalolihitaji.

Ile kauli kwamba dini ni mama wa ujinga wote ningekuomba uiache, na si kwa adabu peke yake. Hailingani na historia. Aliyependekeza katika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, na miaka michache baadaye kwamba ulianza kutoka katika hali moja ndogo iliyosongamana, alikuwa padri wa Ubelgiji, Georges Lemaître, naye hakufurahia pale nadharia yake ilipotumiwa kuwa uthibitisho wa uumbaji. Kwa upande wa pili, katika Umoja wa Kisovyeti, dola iliyojitangaza kuwa haina Mungu, Trofim Lysenko alipata kibali cha Stalin kwa nadharia za kilimo zilizokataa elimu ya urithi wa viumbe, na mwaka 1948 mafundisho yake yakafanywa kuwa ndiyo msimamo rasmi. Mwanasayansi wa mimea Nikolai Vavilov, aliyempinga Lysenko na aliyezunguka mabara akikusanya mbegu ili watu wasife njaa, alikamatwa mwaka 1940 na kufia gerezani Saratov mwaka 1943. Hapakuwa na kasisi wala shehe katika kisa hicho. Kilichokosekana ni ruhusa ya mtu wa chini kumwambia mkubwa kwamba amekosea na kurudi nyumbani salama. Mpime huyo mponyaji wenu kwa kipimo hicho, kwa maana ni kikali kuliko kumuuliza anaamini nini: je, mtu aliyeombewa naye kisha akaanguka tena anaruhusiwa kusimama palepale na kulisema?

Swali la mama kuhusu maadili ni la heshima, na limeulizwa na watu wenye akili kuliko sisi sote. Plato alilipindua zaidi ya miaka 2,300 iliyopita: je, jema ni jema kwa sababu limeamriwa kutoka juu, au limeamriwa kwa sababu lenyewe ni jema? Ukichagua la kwanza, hata ukatili ungekuwa wema lau ungeamriwa. Ukichagua la pili, basi wema una mizizi yake ambayo akili inaweza kuifikia. Ubishi huo haukuletwa na maadui wa dini. Ndani ya Uislamu, wanazuoni wa kundi la Muutazila walishika kwamba akili inaweza kulitambua jema na baya, na wale wa kundi la Ashaira wakasema kwamba ni amri ya Mungu inayolifanya jambo kuwa jema au baya. Katika Ukristo, Thomas wa Akwino alifundisha juu ya sheria ya asili ambayo mwanadamu yeyote huifikia kwa akili. Kwa hiyo wapo waumini, tena wanazuoni, ambao wangekubaliana nawe kwamba asiyeamini anaweza kujua kuwa kumdanganya mgonjwa ni vibaya.

Usimtupie mama yako hayo kama mtego, lakini. Yeye hakukuuliza swali la darasani. Alikuuliza kama bado unaweza kuaminiwa. Mjibu hilo. Mwambie kinachokuzuia kutenda ubaya: kwamba maumivu ya mtu mwingine ni ya kweli kama yako, kwamba hutaki kuishi kwa kanuni ambayo usingeikubali kama ungekuwa wewe unayetendewa, kwamba unaona haya, unapenda, na unataka uaminike. Mwambie pia kwamba mengi ya hayo uliyapata kwake, kwa sababu bila shaka ndivyo ilivyo, na hakuna sababu ya asiyeamini kukana alikolelewa. Na kuna jambo ambalo sisi wenye mashaka hulikwepa: mdogo wako alipokuwa katika majuma yale mabaya, nani alikuja kukaa naye? Waumini wana kawaida ya kutembelea wagonjwa, kuchangishana na kukesha. Wengi wetu tuna hoja nzuri na jioni zenye nafasi tele. Ukitaka neno lako lipate uzito kwa mama, chukua zamu. Msindikize kliniki, jifunze majina ya dawa, kaa naye usiku akiwa hajisikii vizuri.

Tena ninyi wawili mnakubaliana tayari juu ya jambo la msingi: hakuna kati yenu anayetaka adhurike. Kutokea hapo unaweza kuuliza, bila kumtaja Mungu, ni nani atakayewajibika agizo la kuacha dawa likileta msiba. Daktari akikosea, yapo mabaraza ya kumshtaki, kuna faili lenye saini yake, kuna wenzake wa kumkagua. Aliyesema "acha vidonge" ameandika wapi?

Kuhusu kura nitakuwa mfupi, kwa kuwa hapa mambo ni mepesi kuliko yanavyoonekana. Hata kama uponyaji ungekuwa wa kweli mia kwa mia, usingetuambia lolote juu ya uwezo wa mgombea kusimamia kodi, mahakama au hospitali. Kiongozi wa dini ni raia, ana haki ya kuwa na maoni ya kisiasa na kuyatoa, na harakati nyingi za haki zimeongozwa na watu wa dini. Lakini mtu anayesema kwamba mgombea fulani ni chaguo la Mungu amemwondolea kila mtu nafasi ya kumhoji mgombea huyo, kabla ya uchaguzi na baada yake. Dola isiyo na dini, ambayo mama yako pengine huisikia kama vita dhidi ya waumini, mara nyingi imedaiwa na waumini wenyewe. Maneno mashuhuri ya Thomas Jefferson, rais wa Marekani wakati huo, kuhusu ukuta kati ya dini na serikali yaliandikwa tarehe 1 Januari 1802 kuwajibu Wabaptisti wa Danbury, Connecticut, waliokuwa wachache katika jimbo lenye dhehebu rasmi, na waliolalamika kwamba uhuru wao wa kuabudu ulikuwa ukichukuliwa kama fadhila badala ya haki. Muulize mama kama angependa serikali ichaguliwe kwa ufunuo uliomjia kiongozi wa dhehebu lisilo lake. Baada ya hapo usibishane. Kura ni siri, nawe huna deni la kumwambia yeyote utakayempigia.

Umebaki mkesha. Nenda. Kifungu cha 18 cha Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 kinalinda haki ya kuwa na dini, kuibadili na kuidhihirisha, na mimi hukisoma kuwa kinawatosha nyote wawili: yeye kushuhudia, wewe kuketi kimya pembeni bila kutamka maneno usiyoyaamini. Unafiki ungekuwapo kama ungejifanya unaomba. Kumsikiliza mdogo wako hakuhitaji kujifanya chochote.

Lakini kabla ya siku hiyo zungumza naye, mkiwa wawili, kuhusu wale watakaomsikiliza. Anayo haki ya kumshukuru Mungu mbele ya umati. Ushuhuda wake unageuka kuwa hatari pale tu mama wa mtoto mwenye kifafa atakapoondoka pale akiwa ameamua kuficha dawa za mwanawe. Mwombe aongeze sentensi moja tu: kwamba yeyote asiache dawa bila daktari wake kujua. Kama atakuwa amekwisha kwenda kliniki, aseme na hilo. Mponyaji akimruhusu kuisema, mtakuwa mmeokoa watu ambao hamtawajua. Akimkataza, usimwambie mdogo wako maana yake. Mwachie alifikirie mwenyewe.

Na muombe wenye ratiba wampe nafasi ya kusema mapema, kisha mrudi nyumbani akalale. Kukosa usingizi ni kichocheo kinachojulikana sana cha kuanguka, kwa aliye kwenye dawa na zaidi kwa asiye kwenye dawa, na mkesha wa mpaka alfajiri ni jambo ambalo hata daktari anayeamini atamzuia asilifanye.

Mshauri